Tunaishi ndani ya Coaster, mume wangu ana presha na mimi nanenepa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, nimeolewa, na tuna mtoto mmoja aliye kidato cha pili shule ya bweni. Mume wangu anachimba visima. Kazi yake haina makao: mara Bahi, mara Chemba, mara Manyoni au vijiji vya Singida. Mtoto alipokwenda bweni tuliona hakuna sababu ya mimi kukaa peke yangu chumbani Ipagala, Dodoma mjini, huku mwenzangu analala kwenye turubai. Tukanunua Coaster kuukuu, fundi akang'oa viti vyote, akatuwekea kitanda, kabati, meza ya kukunja na jiko la gesi. Juu tumefunga sola ya taa na simu. Friji hatuna. Maji tunabeba kwenye madumu. Rigi, yaani mtambo wa kuchimbia, ikihama, na sisi tunawasha gari tunaifuata.

Mwanzoni nilifurahi sana. Sasa nimechoka. Kula yetu imeharibika kabisa. Asubuhi ni chai na maandazi ya kununua, mchana mume anakula kwa mama ntilie na vijana wake, mimi nabaki na soda na mkate, na jioni tukiwa karibu na mji ni chipsi mayai. Siku ya mnada ni nyama choma mpaka basi. Mboga za majani nikinunua, kesho yake zimenyauka kwa joto la humu ndani. Nimenenepa hadi magauni ya mwaka jana hayanipandi. Juzi mume wangu alipimwa presha kwenye zahanati moja, ikasoma 152 kwa 96. Muuguzi akamwambia apunguze chumvi, atembee, kisha arudi kupimwa. Yeye anasema mtu anayeshinda juani kwenye rigi hana haja ya mazoezi, na kwamba ukiishi kwenye gari unakula kinachopatikana.

Nami nje sitoki. Nashinda nimefunga mapazia, maana tukipaki tu watoto wa kijiji wanatuzunguka wanachungulia, na porini naogopa nyoka. Usiku wa kipupwe upepo ukivuma, naingiza jiko la mkaa ndani tupate joto, tunafunga vioo tunalala. Mawifi zangu wananicheka, wanasema nimeolewa na konda.

Shangazi, nirudi nikapange chumba mjini, nimwachie mume gari lake? Au kuna namna ya kuishi kwenye gari mtu akala vizuri na akafaidi huko nje tunakopita?

Mama wa Coaster, Bahi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya mboga na matembezi, naomba jiko la mkaa lisiingie tena ndani ya gari hilo, kuanzia usiku wa leo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mahali padogo palipofungwa huwaua watu wakiwa usingizini, bila hata kukohoa. Makaa yaliyofifia na kufunikwa na majivu nayo bado yanaitoa. Najua baridi ya kwetu ya Juni na Julai inavyopenya, lakini dawa yake ni blanketi zito, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa ikae miguuni. Gesi nayo iangalieni. Mtungi usimame wima, ufungwe kila mkimaliza kupika, na kama fundi aliuweka ndani, mwambieni autoe nje au atoboe tundu la hewa chini kabisa, usawa wa sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini mlikolala.

Sasa nakuja kwenye swali lako. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na sioni mahali ambapo gari limewashinda. Ninachokiona ni kwamba mnaishi humo kama abiria waliosimama kituoni: mnakula cha kituoni, mnafunga mapazia, mnangoja kuondoka. Coaster ni chumba chenu cha kulala tu. Jiko lenu na sebule yenu viko nje ya mlango, na mboga mnazokosa ziko huko huko.

Kwa hiyo mkifika kijiji kipya, kabla hujapanga vyombo, nendeni wewe na mumeo kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji, mjitambulishe. Mumeo bila shaka hufanya hivyo kwa ajili ya kazi, lakini wewe pia uonekane. Kisha tandaza turubai ubavuni mwa gari, upande usiopigwa na upepo, weka mkeka, kiti na meza yako ya kukunja, ukae hapo uchambue mboga. Watoto watakuja, watachungulia, watazoea. Usiwafukuze. Mama zao ndio wenye mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga na mayai ya kienyeji, na ukishafahamiana nao utaletewa mboga mlangoni zikiwa bado na umande. Kwa mtu asiye na friji, kununua kidogo kila siku kwa jirani ni bora kuliko kubeba fungu kubwa kutoka mjini likaozee garini.

Na kwa siku ambazo hakuna jirani, uko katika mkoa ambao watu wake wamejua kuweka mboga kavu tangu zamani. Mgogo hajangoja friji. Mlenda uliokaushwa na kutwangwa unakaa miezi ukiuhifadhi mahali pakavu, na sokoni Majengo au mnadani unapimiwa kwa kikombe. Chota kiasi, maji yakichemka nyunyiza huku unakoroga, tia karanga zilizotwangwa na nyanya, na baada ya dakika chache una mboga ya kula na ugali wa uwele au mtama. Nafaka hizo zikisagwa bila kukobolewa zinakuwa na nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe nyeupe, na ugali wake unashibisha kwa tonge chache. Jambo moja la kuangalia: wengi hutia magadi kwenye mlenda ili uvutike. Magadi yana sodiamu, ileile inayofanya chumvi iwe mbaya kwa presha. Pikeni bila magadi. Utavutika tu.

Maharage, choroko, kunde na njugu mawe ndiyo nyama isiyooza garini. Najua utasema yanamaliza gesi, basi fanya hivi. Maharage yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, yachemshe yatokote kwa nguvu kama nusu saa, kisha epua sufuria na mfuniko wake bila kufunua, ifunge kwa blanketi kuukuu na uitie kwenye kapu lililojazwa vitambaa. Ligandamize pembeni lisicheze, hata kama siku hiyo mnahama. Joto lililomo linaendelea kupika peke yake, na saa sita mchana unafunua maharage yameiva, bado ya moto, unayapasha tu na kitunguu na nyanya. Ila usiruke ule mtokoto wa nguvu wa mwanzo, kwa sababu maharage yasiyochemka vizuri yana sumu inayosokota tumbo. Choroko hazisumbui, hizo hata chupa kubwa ya chai inatosha kuziivisha ukizichemsha kidogo kwanza.

Kwa nyanya, karoti na mchicha, tafuta vyungu viwili, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, weka mboga kwenye kile cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, na ukiache kivulini panapopita upepo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Hewa ya Dodoma ni kavu karibu mwaka mzima, kwa hiyo ujanja huu unafanya kazi kwetu vizuri kuliko Pwani. Masika nguvu yake inapungua, lakini masika mboga mbichi zimejaa kila shamba.

Matunda usiyatafute mbali. Ubuyu wa kwetu, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, una vitamini C nyingi, hauozi, na ukiuloweka kwenye maji una kinywaji kikali kitamu cha kuchukua nafasi ya hiyo soda. Ukwaju nao unatoa kinywaji kizuri. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mkipita Makutupora au Hombolo wakati wa mavuno nunueni za kula siku hiyo. Ziwekeni mezani hapo nje, mumeo akirudi azione. Mkienda Manyoni na Itigi kuna asali nzuri, ila kwako unayetaka kupungua asali nayo ni sukari, kijiko kimoja kinatosha.

Samaki mko nao hapo hapo Bahi, perege na kambale wa bwawani. Wabichi muwale siku hiyo hiyo. Waliokaushwa kwa chumvi waloweke, umwage maji, uwasuuze kabla ya kupika.

Nimerudi kwenye chumvi kwa sababu ndiyo adui wa mumeo kwa sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wanahesabu yote: ya kwenye mchuzi, ya kwenye mkate, ya vile vipande vya viungo vya kutia kwenye mchuzi, na ile chumvi inayonyunyizwa juu ya chipsi. Usimwambie kwamba unampunguzia. Badilisha ladha. Ndimu, ukwaju, pilipili, kitunguu saumu na karanga vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chombo cha chumvi kisikae mezani. Mchana, badala ya kumwachia mama ntilie, mfungie chakula kwenye hotipoti aende nacho. Vijana wake watamwonea wivu.

Mnada msiuache. Nyama choma ya mnadani ni raha ya watu wa huku, na sitaki mle kwa majonzi. Nendeni mapema, tembeeni mnada wote kwanza, nunueni karanga, uwele na mlenda, ndipo mkae. Agizeni nusu kilo badala ya kilo, mwambieni mchomaji chumvi aiweke pembeni, na muitishe kachumbari sahani nzima.

Kuna jambo mumeo analijua kuliko mimi, nalo ni maji. Visima vingi vya kanda hii, hasa upande wa Singida, vina floraidi nyingi, na vingine ni vya chumvi. Umewaona watoto wenye meno ya kahawia vijijini. Hiyo ni kazi ya floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kwa hiyo madumu yenu msiyajaze kwenye kisima kipya kabla majibu ya maabara hayajatoka, na maji yenye ladha ya chumvi yawe ya kufulia. Kiwango salama cha floraidi ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwambie akuoneshe hiyo karatasi ya maabara.

Kuhusu mazoezi, usibishane naye kwamba kazi ya rigi si ngumu. Ni ngumu. Ila mtu anaweza kuchoka kwa jua, kelele na kusimama bila moyo wake kufanya kazi inayoufaa. Kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi inayolingana na hiyo, ambazo ni nusu saa kwa siku tano. Jioni, saa kumi na moja na nusu, jua likishalegea, mwambie akusindikize. Sema unaogopa kwenda peke yako, kwa kuwa ni kweli unaogopa. Vaa viatu vilivyofunika mguu, shika fimbo, piteni njia wanazopita watu na ng'ombe, msitie mikono kwenye mashimo wala kukalia mawe bila kutazama, na mkichelewa washeni tochi. Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa miguu huondoka wenyewe. Asubuhi, saa kumi na mbili, tembea na wanawake wanaokwenda mashambani au kisimani. Hao ndio wanaojua njia salama, na utarudi una habari za kijiji kizima.

Halafu mnapita mahali ambapo watu hutoka nchi za mbali kuja kupaona, nanyi mmefunga mapazia! Mkipelekwa Kondoa, ombeni siku moja ya mapumziko mwende Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kandokando ya barabara ya Babati. Huko ndiko kwenye michoro ya mwambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey aliifanyia kazi mwaka 1951. Kuna ofisi ya malikale ya kulipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Njia ya kupanda ni ya mawe na mteremko wake ni mkali, mtatoka jasho, na hilo jasho ndilo alilolisema muuguzi. Juu, chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza, utaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vya ajabu, na wanyama pembeni yao. Simama utazame taratibu. Mwanzoni jicho huona doa moja, baadaye linaona ukuta mzima umejaa. Msiguse, wala msimwagie maji ili rangi ing'ae, maji yanaila michoro. Na mjue kwamba wenyeji bado wana matambiko yao kwenye baadhi ya miamba hiyo, kwa hiyo mkiambiwa mahali fulani hapaingiwi leo, msiulize mara mbili. Bebeni maji ya kutosha, mayai ya kuchemsha na viazi vitamu.

Singida mjini mtakuta maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yenye miamba mikubwa kandokando na ndege wengi, nyakati nyingine hata heroe wa rangi ya waridi. Hapo ulipo Bahi, asubuhi kando ya mbuga ya mpunga pana ndege wa kutosha kumsahaulisha mtu saa. Swagaswaga ni pori la akiba, linasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, hamwingii wala kulala humo bila kibali, hata kama njia inaonekana wazi. Na upande wa Itigi kwenye vichaka vizito kuna mbung'o. Vaeni nguo za mikono mirefu zisizo za buluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta.

Msipaki kwenye korongo wala mto wa mchanga kati ya Novemba na Aprili, hata kama mchanga ni mkavu na kivuli ni kizuri. Mvua ikinyesha mbali, maji hushuka usiku wakati kwenu hakuna hata wingu. Mbuga za udongo mweusi nazo, ikishanyesha, Coaster haitoki mpaka ivutwe na trekta.

Presha yenyewe isisubiri mlenda. Kipimo kimoja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa, lakini 140 kwa 90 ikijirudia siku tofauti ndipo inapoitwa presha ya kupanda, na yake imezidi hapo. Zahanati ya kijiji chochote mtakachohamia, ikiwa wana mashine, apime hapo na muandike namba kwenye daftari moja linalokaa garini, ili kila mganga aione historia hata kama hamjui. Akiandikiwa vidonge anywe kila siku, asiache kwa sababu anajisikia vizuri, na vinunuliwe vya kutosha kabla ya kwenda mbali na mji. Akipata maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja, mdomo kupinda au kushindwa kutamka, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, rigi ibaki. Nawe pia upime, presha na sukari. Umeandika habari zake zote, zako umeishia kwenye magauni.

Kuhusu chumba, usirudi mjini sasa. Ukiondoka, mumeo atakula kwa mama ntilie asubuhi, mchana na jioni, nawe utakaa Ipagala ukihesabu siku za yeye kuja. Jipeni muda wa kiangazi hiki chote mkiishi nje kama nilivyokueleza. Masika, barabara zikiharibika na kazi ikipungua, ndipo mkae mezani mwone kama mnahitaji chumba cha kukodi kwa miezi hiyo, mtoto naye apate mahali pa kufikia likizo ya Desemba. Mawifi wakija kukusalimia, wapikie mlenda na ugali wa uwele hapo hapo chini ya turubai.